Mtwara mpaka Lusaka kwa gari, na mbwa, kipindi hiki cha korona: njia, vibali, mipaka

Kuchele (mwanzisha uzi), Juni 2021

Wakuu, salaam. Nipo Shangani, Mtwara mjini. Mkataba wangu wa kazi hapa unaisha, nimepata kazi nyingine Lusaka na natakiwa niwe nimeripoti kabla ya Oktoba. Vyombo vya ndani vingine vimeshauzwa, vingine wamegawana ndugu. Tuliobaki ni mimi, mke wangu, gari na mbwa.

Mbwa ni dume, anaitwa Hayawahusu. Jina alilipata enzi zile majirani wanahesabu nani anaingia kwetu na nani anatoka, msinilaumu. Mama yake ni koko wa Nanyamba, baba hajulikani, ila kwa masikio yale lazima mbwa wa polisi alipita pale kijijini. Ndege nimeshaifuta kichwani. Kutoka hapa lazima ubadilishe Dar, na kizimba cha saizi yake kwenye ndege ndogo hakiingii. Kwa hiyo ni barabara.

Nataka kusikia kutoka kwa waliowahi, siyo waliosimuliwa. Napita wapi? Mbwa anatakiwa awe na makaratasi gani? Na hivi vipimo vya korona mipakani vikoje kwa mtu anayetokea huku mwisho wa nchi? Karibuni.

Mlachake

Naweka kambi hapa. Ila uzi bila picha ya mbwa ni batili.

Ngalawa

Watu wanakosa ada za watoto, wewe unamtafutia mbwa pasipoti. Mpe mlinzi wa ghala la korosho huyo, kesho alfajiri uko stendi na begi lako, habari imeisha.

Kuchele

Mkuu Ngalawa, mlinzi wa korosho ameshaniomba. Nilimjibu kwa jina la mbwa.

Mto Ruvuma

Mbona unataka kuzunguka nchi nzima? Nenda Mangaka, shuka Mtambaswala, vuka Daraja la Umoja uko Msumbiji. Kutoka pale unakata kwenda magharibi, Niassa, Malawi, Chipata, Lusaka. Daraja lenyewe mita 720, walilifungua Kikwete na Guebuza mwaka 2010. Tulijengewa tulitazame?

Dereva wa Masafa

Mto Ruvuma, kwenye ramani uko sahihi. Barabarani hapana. Ng'ambo ya daraja ni Negomano, na Negomano ni Cabo Delgado. Mocímboa da Praia iko mikononi mwa wale waasi wenye silaha tangu Agosti mwaka jana. Palma walivamia Machi 24 mwaka huu, kampuni ya gesi ikafunga kazi na watu wakakimbilia mtoni kuja kwetu. Sisi wenyewe Oktoba 2020 tulipigwa Kitaya, upande wetu huu huu, au umesahau? Kivuko cha Kilambo nacho usikitaje, kinakutua njia ya kwenda Palma hiyo hiyo. Na ukipita salama kote huko, kutoka Negomano kwenda Mueda ni vumbi kiangazi na tope masika. Mtu mwenye mke na mbwa humwelekezi huko.

Kuchele, njia yako ni hii: Mikindani, Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, Tunduma. Siku hizi lami mwanzo mwisho. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kufika mpakani, kisha kama 1,000 nyingine kutoka Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, hadi Lusaka, unapita Mpika na Kapiri Mposhi. Wenzako watakwambia pandisha Dar halafu Morogoro kwa kuwa ndiko wanakokujua. Kwanza unaongeza kilomita bure, pili barabara ile inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Ndani ya hifadhi mbwa hashushwi, hata akilia. Kwa Songea huna tatizo hilo.

Sasa korona. Mei mwaka jana Zambia walifunga Nakonde ghafla baada ya visa kulipuka pale mjini. Walifungua baada ya siku chache, lakini foleni ya malori haikuisha siku walipofungua. Dereva alikuwa anaonekana kama ugonjwa wenyewe unatembea. Ukiingia dukani kununua maji, muuzaji anarudi nyuma. Kwa hiyo usipange safari kama mpaka ni mlango wa nyumba yako. Weka hela ya kulala Tunduma, weka chakula cha mbwa cha ziada.

Halafu usikimbilie. Zambia sasa hivi wimbi la tatu limewashika vibaya, wako kwenye msiba wa Mzee Kaunda, na Agosti 12 wana uchaguzi mkuu. Ningekuwa wewe ningevuka uchaguzi ukishapita na matokeo yakishatulia.

Mlachake

Dereva kamaliza kila kitu. Picha ya mbwa bado.

Mganga wa Mifugo

Kuchele, mimi nahudumia mifugo kanda hii ya kusini. Wilaya sitaji, maana mtaanza kunitafuta ofisini. Nitaandika kirefu kidogo, kwa sababu watu wengi wanakwamia hapa.

Anza na nchi unayokwenda. Usianzie hapa. Unaomba kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya Zambia, na masharti yao yameandikwa mle ndani. Ukishakuwa nacho mkononi ndipo daktari wa serikali anamkagua mbwa na kujaza cheti cha afya kinachojibu masharti yale, moja baada ya jingine. Baada ya hapo Wizara ya Mifugo na Uvuvi inakupa kibali cha kumtoa nchini. Wengi huanzia mwisho. Wanakuja na cheti kizuri, mihuri mitatu, lakini hakijibu kilichoulizwa, na kwa kuwa cheti cha afya hakidumu, kinaisha muda wakati wanahangaikia kibali.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo roho ya shughuli yote. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kwamba iwe na angalau siku 30 kabla ya safari na isizidi mwaka. Siku 30 ni kwa sababu mwili unahitaji muda kutengeneza kinga. Usije kwangu Jumatatu ukitaka kuvuka Ijumaa, nikikusaidia nitakuwa nimekudanganya. Kadi iwe na jina la chanjo, namba ya toleo iliyoko kwenye chupa, tarehe ya chupa kuisha muda, tarehe ya kuchanja, sahihi na muhuri. Zile kadi za chanjo ya jumla, inayofanyika karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani Septemba 28, nyingine zina tarehe na sahihi tu. Chanjo ilikuwa nzuri, mbwa ana kinga, lakini afisa wa mpakani anasoma karatasi, damu ya mbwa haioni.

Jambo jingine, chanjo hii inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ukiona mtu anaitoa mfukoni mwa shati kwenye jua la Mtwara, mshukuru na uondoke.

Kwa nini nasisitiza kichaa? Kwa sababu huku kwetu kipo. Mtwara na Lindi zilikuwamo kwenye mradi mkubwa wa kukitokomeza ulioanza 2010, pamoja na Pwani, Dar, Morogoro na Pemba. Tulichanja kijiji kwa kijiji, na lengo lilikuwa kufikia asilimia 70 ya mbwa kila eneo, maana hapo ugonjwa unakosa pa kuhamia. Visa vilipungua sana. Ila kusini kuna mbweha. Visa vingi vilivyofuatiliwa mikoa hii miwili vilikuwa vya mbweha. Mbweha hana kadi na haji kwenye kampeni. Kwa hiyo mkisimama porini baada ya Tunduru, mbwa awe kwenye kamba. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama asiyeeleweka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usisubiri dalili. Zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Kipande hicho hicho kina mbung'o. Funga vioo. Mbwa akiumwa na mbung'o anaweza kupata nagana, na dalili mojawapo anayoiona hata asiye daktari ni macho kuingia ukungu wa rangi ya bluu, pamoja na homa na kukonda. Mkishafika, mwangalie macho wiki za mwanzo. Kupe pia, mkague kila jioni, ndani ya masikio na katikati ya vidole.

Ngalawa

Daktari umeandika vizuri lakini hujajibu la msingi. Huyo mbwa si anaweza kuwabebea korona mpaka Zambia? Apimwe na yeye. Nchi hii mwaka jana Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa nayo, mbwa atashindwaje?

Zumbukuku wa Ndanda

Wampige nyungu kwanza 😂😂 mwarobaini, mchaichai, blanketi juu, abweke humo humo.

Mganga wa Mifugo

Nimecheka, lakini nijibu. Mapema 2020 mbwa mmoja Hong Kong alikutwa na virusi kidogo, na aliyemwambukiza ni mwenye mbwa, aliyekuwa anaumwa. Aprili mwaka huo chui milia wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, naye akakutwa navyo, inaaminika kutoka kwa mhudumu. Mpaka sasa mashirika ya afya ya wanyama na ya binadamu yanasema hakuna ushahidi kwamba mbwa anachangia kuusambaza kwa watu. Korona inatembea na watu. Kuchele akiugua njiani ndiye wa kumkwepa mbwa wake.

Maonyo mawili. Msimpake mbwa vitakasa mikono wala kumpulizia klorini. Ngozi ya nyayo inaungua, kisha anajilamba anaimeza. Sabuni ya kawaida na maji inatosha. Na joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo akitokea mjuaji mwenye kipima joto msishtuke akitaka kumweka karantini.

Binti Mikindani

Kaka Kuchele, makaratasi mmeshaongea. Mimi nakuuliza la kulala. Sisi watu wa pwani unatujua. Kwa Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo akikiramba kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Kufuga wa ulinzi au wa kuwindia hakuna anayekukataza, babu yangu alikuwa naye wa kufukuza nguruwe shambani. Lakini chumba cha gesti ambacho mgeni wa kesho ataswalia, hapo mwenye gesti akikukatalia usimwone ana roho mbaya. Piga simu kabla, sema ukweli kwamba una mbwa, omba alale uani. Usimwingize kwa siri usiku. Ukiingiza kwa siri unamharibia mwingine atakayekuja nyuma yako.

Kuchele

Dada yangu, nimekusikia. Gari nitaligeuza chumba chake. Viti vya nyuma vinatoka, fundi wa Magomeni ya hapa Mtwara ananitengenezea kizimba cha mbao chenye matundu pande zote. Atalala humo, sisi tutalala ndani. Nitauliza kabla kila mahali.

Mwera wa Nachingwea

Huku kwetu mbwa wa kuwindia anatembea kwa miguu kutoka Nachingwea mpaka Liwale na harudi na karatasi yoyote. Mnawadekeza.

---

Kuchele, Julai 2021

Wakuu, mrejesho.

Kadi ya Hayawahusu ya Septemba iliyopita ilikuwa vile vile alivyosema Mganga: tarehe na sahihi, hakuna namba ya toleo. Niliirudisha nilikochanjia, nikaambiwa daftari lililoandikiwa halionekani. Sikubishana. Amechanjwa upya, chupa imetoka kwenye boksi la barafu mbele ya macho yangu, stika imebandikwa kwenye kadi. Sasa nasubiri siku zake zitimie, na hesabu yote ya safari inaanzia tarehe hiyo. Tulikuwa tunapanga safari kwa tarehe ya kazi. Sasa tunaipanga kwa tarehe ya sindano ya mbwa.

Nimeuliza pia habari ya kumwekea chip ya utambulisho, ile yenye tarakimu 15 inayowekwa chini ya ngozi shingoni. Kwa Zambia hawajaniambia ni lazima, ila mwenye ndoto za kumpeleka mbwa Ulaya aiweke kabla ya chanjo. Kwa kutokea kwetu, Umoja wa Ulaya wanataka chip itangulie, ifuate chanjo, kisha damu ichukuliwe baada ya siku 30 na kupimwa kinga katika maabara wanayoitambua, halafu usubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Kuna Mzungu mmoja wa hapa Mtwara ameanza mlolongo huo tangu mwanzo wa mwaka na bado yupo.

Linaloniumiza kichwa ni cheti changu mimi. Zambia wanataka kipimo cha korona cha PCR kisichozidi saa 72. Sampuli ikichukuliwa Mtwara, majibu nikasubiri, halafu kilomita 1,200 na kitu, tena na mbwa anayetaka kushuka kila baada ya saa mbili au tatu, nafika Tunduma saa zimebaki chache au zimekwisha. Mbwa anaambiwa asubiri mwezi, mimi naambiwa nikimbie.

Dereva wa Masafa

Usipimie Mtwara. Sisi wa malori tunapimia karibu na mpaka. Nenda Mbeya kwanza, pumzika, jiandikishe kwenye mfumo wa Wizara ya Afya, pima, subiri majibu hapo hapo. Mbeya hadi Tunduma ni kilomita mia na kidogo. Saa zako karibu zote unazitumia ukiwa umekaa.

Tena Zambia wako nyuma yetu saa moja. Kwa saa ya ukutani unavuka na saa moja ya bure.

Gari usilisahau kwa ajili ya mbwa. Kadi halisi, kibali cha polisi wa Interpol, na Kadi ya Njano ya COMESA ambayo ni bima. Usichanganye na kadi ya njano ya homa ya manjano, ile ni ya mwili wako, nimeona watu wanatoa ya sindano kwa mtu wa bima. Bandika stika za kung'aa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na pembetatu mbili ndani. Trafiki wa Zambia hana haraka, atazunguka gari lote.

Zumbukuku wa Ndanda

Na wewe umechanja, Kuchele, au ni mbwa tu?

Kuchele

Rais amezindua chanjo ya korona juzi tarehe 28, zile za Janssen. Mimi na mke wangu tutapanga mstari. Aibu mbwa kututangulia kadi.

---

Kuchele, Septemba 2021

Tumefika. Mtu wa kwanza kuniandikia inboksi alikuwa Ngalawa, anauliza mbwa mzima? Mbwa mzima, mkuu.

Nisimulie kwa vipande, mengine yalikuwa ya kawaida tu.

Tulitoka Mtwara alfajiri kabla jua halijawa kali. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Gari likisimama juani vioo vimefungwa, muda mfupi tu ni hatari kwake. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa moja, mmoja akiingia dukani au chooni, mwingine anabaki na mbwa kivulini. Asubuhi hatukumlisha, maji tu. Chakula jioni tukishafika: ugali na dagaa tuliobeba kwenye ndoo. Siku ya kwanza alitapika kwenye kona za kushuka Mikindani, kabla hata hatujaiaga Mtwara vizuri, akalala, hakutapika tena safari nzima.

Masasi tulikula, mbwa akanyooshea miguu chini ya ile miamba. Watoto wakajaa. Hapa nilijifunza kitu kuhusu korona na mbwa: mwenye mbwa mkubwa hahitaji kumwambia mtu akae mita moja.

Tunduru hadi Namtumbo ndicho kipande nilichokiogopa na ndicho kizuri kuliko vyote. Lami tupu, msitu pande zote, gari moja moja. Mbung'o wapo, Mganga hakutia chumvi. Ukisimama dakika moja wanapiga kioo kama mvua ya mawe. Hatukushuka hata mmoja wetu, na mbwa aliyekuwa akinung'unika kutaka nje alipowaona alinyamaza mwenyewe.

Songea tulikosa pa kulala mara mbili. Wa kwanza alisema mbwa hapana, nikamshukuru. Wa pili alikubali kwenye simu, tulipofika akasema alidhani ni kambwa kadogo. Wa tatu ilikuwa hosteli ya misheni, mlinzi wao alikuwa na mbwa wake, wakatupa banda la kuni lenye paa. Binti Mikindani, ushauri wako ulitusaidia, maana hata waliotukataa walituelekeza kwa mwingine.

Njombe ni baridi. Sisi watu wa Mtwara tulishuka na kandambili. Mbwa mwenyewe alikuwa anatetemeka, ana manyoya mafupi ya pwani. Tukamnunulia blanketi la mtumba Makambako, na mke wangu anasema lile blanketi ni zuri kuliko la kwetu.

Mbeya tukafanya kama alivyosema Dereva. Kupima, kusubiri, majibu, mbio.

Sasa Tunduma. Tangu 2019 ni kituo cha pamoja, yaani unagongewa mihuri ya kutoka na ya kuingia sehemu moja upande ule unaoingia. Kwa watu inasaidia sana. Kwa mbwa tulizunguka kidogo, kwa sababu dirisha la mifugo liko kivyake na vishoka kila mmoja anasema yeye ndiye anayelijua. Vishoka wa Tunduma wana kipaji. Mmoja aliniambia mbwa anahitaji bima ya COMESA. Mwingine akasema mbwa analipiwa ushuru kwa kilo. Nikawajibu wote nina mtu wangu ndani, ingawa sikuwa na mtu.

Wa afya walituangalia vyeti vya PCR, wakahesabu saa kwa kalamu, wakatupima joto kwenye paji la uso. Kwenye ndoo ya kunawia mikono mbwa aliona beseni la maji machafu chini akataka kunywa, nikamvuta, yale yana klorini.

Afisa wa mifugo wa upande wa Zambia alikuwa mama wa makamo, Kiswahili chake cha Nakonde kizuri tu. Akafungua faili, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Mbwa anaitwa nani?"

"Hayawahusu."

Akainua macho. "Bwana, nakuuliza kwa sababu ndiyo kazi yangu."

Mke wangu akawahi kumwonyesha cheti, jina la mnyama, limeandikwa na daktari wa serikali na muhuri juu yake. Mama alisoma, akaita wenzake wawili waje wasome. Tangu hapo tulikuwa wageni wa watu. Lakini cheko lake halikumsahaulisha kazi. Aliangalia namba ya toleo kwenye kadi na kwenye cheti kama zinafanana, akahesabu siku tangu chanjo, akalinganisha kibali cha Zambia na cheti chetu mstari kwa mstari, akamwangalia mbwa macho na mdomo. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mtoto wa mbwa kwenye kikapu, bila karatasi, alirudishwa. Alijaribu kueleza kwamba ni zawadi tu.

Gari ndilo lililokula muda. Kibali cha muda cha gari, ushuru wa barabara, tozo ya hewa ukaa, na ya halmashauri ya Nakonde. Dereva, stika zako nyekundu ziliangaliwa kilomita chache tu baada ya mpaka.

Zambia yenyewe barabara ndefu, baadhi ya vipande kabla ya Mpika mashimo ya kumeza tairi. Barakoa wanavaa kuliko sisi. Dukani usipovaa huhudumiwi, na nje ya kila mlango kuna mtu na chupa. Mbwa kwenye nyumba za wageni za barabarani hawakushangaa sana, mradi alale nje. Picha hizo hapo chini, Mlachake apumzike.

Mlachake

Hatimaye. Masikio kweli ya polisi.

Ngalawa

Nimesoma yote mpaka mwisho. Bado nasema ni hela nyingi kwa mbwa. Ila hilo jina mpakani limenimaliza.

Mganga wa Mifugo

Hongera. Macho yake umeyaangalia? Na usiache tarehe ya mwaka ya chanjo ipite. Ikipita hata kidogo wanaweza kuhesabu kama ndiyo ya kwanza, na siku 30 zinaanza upya.

Kuchele

Macho safi mpaka leo. Alitolewa kupe wawili sikioni.

---

Mama Wawili, Novemba 2022

Samahani kufufua uzi. Sisi tuko Kitwe, tunataka kurudi Lindi Krismasi na mbwa wetu tuliyemtoa Lindi mwenyewe. Huyu si Mtanzania? Naye anahitaji kibali?

Mganga wa Mifugo

Dada, anahitaji. Mbwa hana uraia. Kurudi ni kuingiza mnyama, kwa hiyo safari hii mnaanzia Tanzania: ombeni kibali cha kuingiza kutoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kisha daktari wa serikali wa huko Zambia amkague na kujaza cheti kwa masharti yetu. Ombeni sasa hivi, Desemba maombi yanarundikana. Na muangalie chanjo kama itakuwa hai siku mtakayovuka, siyo siku mnayoomba.

Dereva wa Masafa

Na wiki ya mwisho kabla ya Krismasi Nakonde usiiguse. Vuka mapema mwezi ule, siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Mkitokea Mbeya fuateni Songea na Tunduru. Masasi mkate kwenda Ndanda na Mnazi Mmoja, hapo Lindi mmefika. Ila msimu wa korosho malori ni mengi kuanzia Masasi, usiku msitembee.

Mama Wawili

Asanteni. Mbwa wetu anaitwa Simba, angalau dirishani tutapita bila kesi.